Mwongozo Kamili: Kutambua Uteuzi Asilia Kwenye Jenomu za Vimelea, kwa Mfano wa Kimelea cha Ndigana Kali

Wanafunzi na wataalamu wa maabara wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojaribu kazi hii hukwama mahali palepale. Wanapakua jenomu mbili, wanaacha programu ikifanya kazi usiku kucha, na asubuhi wanakuta orodha ndefu ya jeni ambazo dN/dS yake (uwiano unaopima uteuzi, nitaueleza hapa chini) imevuka 1. Kisha wanaanza kuandika ripoti kwamba jeni mamia kadhaa za kimelea zinashindana na kinga ya ng'ombe. Ukifungua mafaili yao unaona kwamba takwimu hazina kosa. Kosa liko nyuma kabisa: mifuatano ya DNA ilipangwa vibaya, na programu ikapima makosa ya mpangilio ikidhani ni mageuzi.

Ndiyo maana hapa nusu ya kazi inafanyika kabla ya kupima chochote. Usiruke hatua.

Mfano wetu ni Theileria parva, kimelea kinacholeta ndigana kali, kinachoenezwa na kupe wa masikio ya kahawia. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Rungwe, Njombe au Mufindi anaujua ugonjwa huu kwa hasara zake, kwa hiyo matokeo yako yana mtu wa kuyangoja. Pili, jenomu yake ni ndogo: herufi milioni 8.3 hivi, kromosomu 4, na jeni za protini zipatazo 4,000. Kompyuta mpakato ya kawaida inaimudu.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye Linux, hasa Ubuntu, na kumbukumbu ya GB 8 au zaidi. Wenye Windows waweke WSL, yaani Linux inayofanya kazi ndani ya Windows.
- Nafasi ya GB 50 kwenye diski.
- Intaneti ya kupakulia tu. Mafaili ya Theileria ni madogo, bando la kawaida linatosha. Data ghafi za sampuli ndizo zinazokula bando. Hizo zipakue ukiwa chuoni.
- Programu hizi zote za bure: OrthoFinder, MAFFT, PAL2NAL, IQ-TREE, PAML, HyPhy, bcftools na R.
- Kifaa cha kutazamia mpangilio kwa macho, kama AliView au Jalview. Wengi hukiacha hiki, na ndicho muhimu kuliko vyote.
- Daftari, la karatasi au la kompyuta, la kuandikia kila amri uliyotoa na toleo la kila programu.

Njia rahisi ya kuweka programu ni conda:

```
conda create -n uteuzi -c conda-forge -c bioconda \
  orthofinder mafft pal2nal iqtree paml hyphy bcftools
conda activate uteuzi
```

Ukifanya kazi ndefu kwenye kompyuta ya mbali, tumia `tmux` au `screen` ili isife muunganisho ukikatika. Umeme ukiwa wa kukatika, gawa jeni katika mafungu ya mia mia. Fungu likikatikia njiani unarudia hilo tu.

Kwa data zilizo wazi kwa umma huhitaji kibali. Ukitaka kuchukua damu ya ng'ombe au nyati, anza na taratibu za taasisi yako na mamlaka za mifugo na wanyamapori kabla hujagusa sindano.

## Kinachopimwa ni nini

Kodoni ni herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja. Herufi ikibadilika, mara nyingine asidi amino inabaki ileile. Hayo ni mabadiliko ya kimya. Mara nyingine asidi amino inageuka.

dS ni kiwango cha mabadiliko ya kimya kwa kila nafasi ambayo ingeweza kubadilika kimya. dN ni kiwango cha mabadiliko yanayogeuza protini kwa kila nafasi ambayo ingeweza kuigeuza. Uwiano wa dN/dS huitwa omega.

Omega iliyo chini sana ya 1 ni uteuzi wa kusafisha: mabadiliko mengi yanadhuru, yanaondolewa. Karibu na 1, jeni imelegezwa. Juu ya 1 ni uteuzi chanya: kugeuka kwenyewe kumekuwa na faida, kwa mfano protini inayokwepa kinga.

Jeni nyingi zina omega ndogo. Hata jeni yenye uteuzi chanya mkali huwa na sehemu chache tu zinazokimbia huku sehemu kubwa imefungwa, kwa hiyo wastani wa jeni nzima mara nyingi hauvuki 1. Ukiona mamia yamevuka, shuku kazi yako kwanza.

## Hatua ya 1: Andika swali, kisha chagua umbali

Kuna maswali mawili tofauti, na kila moja lina data zake.

Swali la kwanza: jeni zipi ziliteuliwa katika muda mrefu uliotenganisha spishi? Hapo unalinganisha T. parva na T. annulata, ndugu yake anayeenezwa na kupe wa jamii ya Hyalomma kuanzia Afrika Kaskazini hadi Asia. Unaweza kuongeza T. orientalis. Ulinganisho huu una mvuto wake: T. parva na T. annulata hugeuza chembe nyeupe za ng'ombe zikaanza kuzaliana ovyo kama saratani, ilhali T. orientalis haifanyi hivyo.

Swali la pili: jeni zipi zinateuliwa sasa hivi ndani ya T. parva? Hapo unahitaji sampuli nyingi za spishi moja, na T. annulata inakuwa ya kupimia tu.

Andika swali lako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Anayeanza bila swali huishia kutumia kipimo cha spishi kwenye sampuli za kijiji kimoja, na namba atakazopata hazitakuwa na tafsiri.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja unalinganisha nani na nani, na kwa kipimo kipi.

## Hatua ya 2: Pakua mifuatano

Nenda PiroplasmaDB au NCBI, hifadhi za jenomu zilizoko mtandaoni. Kwa kila spishi chukua mafaili matatu: mifuatano ya DNA ya sehemu zinazotafsiriwa tu (CDS), protini zake, na faili la GFF linaloonyesha jeni iko wapi. Kwa T. parva chukua aina ya Muguga, kwa T. annulata aina ya Ankara, na kwa T. orientalis aina ya Shintoku.

Jenomu za T. parva na T. annulata zilichapishwa mwaka 2005, ya T. orientalis mwaka 2012. Maelezo ya jeni za T. parva yamerekebishwa tangu hapo, na mipaka ya eksoni nyingi (vipande vya jeni vinavyotafsiriwa kuwa protini) imesogezwa. Chukua toleo jipya, na uandike namba yake. Ukichanganya protini za toleo la zamani na CDS za toleo jipya, PAL2NAL itakukatalia baadaye na hutajua kwa nini.

Utajua umefaulu ukihesabu mifuatano kwa `grep -c ">"` na kupata takriban 4,000 kwa T. parva, na idadi ya protini ikalingana na ya CDS.

## Hatua ya 3: Safisha kabla ya kulinganisha

Kila CDS ipite milango mitano:

1. Urefu wake ugawanyike kwa 3 bila baki.
2. Ianze na ATG.
3. Imalizike na kodoni ya kusimamisha.
4. Isiwe na kodoni ya kusimamisha katikati.
5. Isijae herufi N.

Jeni yenye matoleo kadhaa, bakiza refu zaidi. Zinazoshindwa usizifute, ziweke kwenye faili la pembeni pamoja na sababu.

Jeni za mitokondria na za apikoplasti zitenge. Vyombo hivi vya ndani ya seli vina jenomu zao, na huenda visisome kodoni zote kwa kanuni ya kawaida. Ukizipima kwa kanuni ya jeni za kiini cha seli, kodoni halali inaweza kuonekana kama ya kusimamisha.

Onyo: jeni nyingi za Theileria zina introni, yaani vipande visivyotafsiriwa vilivyo kati ya eksoni. Mpaka wa eksoni ukikosewa hata kwa herufi chache, kipande cha protini kinageuka maneno mengine kabisa. CDS kama hiyo inaweza kupita milango yote mitano. Tutaikamata Hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Tafuta othologi za moja kwa moja

Othologi ni jeni ileile iliyorithiwa na spishi mbili kutoka kwa babu mmoja. Paralogi ni nakala zilizotokea jeni ilipojirudufu ndani ya jenomu. Ukilinganisha paralogi ukidhani ni othologi, unapima umri wa kurudufu, na omega inapanda bila sababu yako.

```
orthofinder -f protini/
```

Weka kwenye folda protini za spishi zako tatu pamoja na za Babesia bovis, kimelea kingine cha ng'ombe. Babesia yuko mbali mno kwa kupimia dN/dS; kazi yake hapa ni kusaidia kujua mzizi wa miti tu. Kisha chukua makundi yenye nakala moja kwa kila Theileria.

Hapa kuna uamuzi mgumu. Familia kubwa za jeni kama SVSP na Tpr zimejaa nakala, na SVSP zimejazana karibu na ncha za kromosomu. Ndizo zinazovutia zaidi, kwa kuwa protini nyingi za SVSP zinadhaniwa kutolewa nje ya kimelea na kukutana na seli ya ng'ombe. Ndizo pia zinazodanganya zaidi. Ushauri wangu kwa mradi wa kwanza: ziache zote. Andika wazi kwamba umeziacha. Jeni zenye nakala moja zinatosha kwa shahada ya uzamili.

Njia nzuri ya kuhakiki ni kutazama majirani. Mpangilio wa jeni kwenye kromosomu za T. parva na T. annulata unafanana sana isipokuwa karibu na ncha. Othologi ya kweli, mara nyingi, ina majirani walewale kulia na kushoto.

Utajua umefaulu ukibaki na makundi zaidi ya 3,000 kati ya T. parva na T. annulata. Ukipata 1,500, kuna faili lisilo kamili.

## Hatua ya 5: Panga mifuatano, kisha itazame kwa macho

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa.

Kamwe usipange DNA moja kwa moja. Panga protini kwanza, kisha rudisha kodoni juu ya mpangilio wa protini. Sababu ni kwamba programu inayopanga DNA haijui mipaka ya kodoni. Inaweza kuingiza pengo la herufi moja katikati, na kuanzia hapo kila kodoni inasomwa vibaya.

```
mafft --auto jeni.protini.fa > jeni.protini.aln
pal2nal.pl jeni.protini.aln jeni.cds.fa -output fasta > jeni.kodoni.fa
```

Sasa fungua mafaili. Huwezi kutazama 3,000, lakini tazama hamsini yaliyochukuliwa kwa bahati nasibu, na baadaye *kila* jeni inayodai kuwa na uteuzi. Tazama mfano huu wa kubuni:

```
parva      MKLSNDVVTPEYGKLIQAFD
annulata   MKLSNEVVYIFSHCKFLAFD
```

Kushoto kunafanana isipokuwa herufi moja, kulia kunafanana, na katikati herufi tisa mfululizo zote ni tofauti. Uteuzi asilia hauachi alama ya namna hiyo. Huo ni mpaka wa eksoni uliokosewa, au fremu iliyohama, yaani kodoni zimeanza kusomwa kutoka herufi isiyo sahihi. Uteuzi wa kweli hutawanyika: nafasi moja hapa, mbili pale, na katikati yake kodoni ambazo hazijasogea.

Kuna dalili nyingine tatu za kukufanya usimame.

Ya kwanza ni marudio. Protini iitwayo PIM ina eneo la kati lililojaa marudio yenye glutamini na prolini. Katika eneo la namna hiyo, hakuna programu inayoweza kujua rudio lipi ni ndugu wa lipi. Likate eneo hilo, pima sehemu zilizobaki.

Ya pili ni ukingo wa pengo. Kodoni mbili tatu zinazopakana na pengo mara nyingi zimepangwa kwa kubahatisha. Ukiona "uteuzi" wote umejikusanya kando ya mapengo, sio uteuzi.

Ya tatu ni tofauti ya urefu. Kama protini moja ni fupi kwa zaidi ya theluthi, mojawapo ya jeni hizo imetabiriwa vibaya. Itenge.

Kwa jeni zinazokutia shaka, panga upya kwa PRANK au MACSE. PRANK hushughulikia mapengo kwa uangalifu zaidi kuliko MAFFT, ingawa ni ya polepole. Dalili ya uteuzi inayotoweka ukibadilisha programu ya kupanga haikuwepo tangu mwanzo.

Utajua umefaulu ukipima jeni za msingi kama aktini, tubulini na histoni, ukapata omega ndogo sana, karibu na sifuri. Jeni hizi hazigeuki ovyo katika kiumbe chochote. Zikikuonyesha omega kubwa, rudi Hatua ya 3 kabla ya kuendelea na lolote.

## Hatua ya 6: Pima jozi, na uchunguze dS

Anza na codeml ya PAML kwa jozi ya T. parva na T. annulata. Kwenye faili la maelekezo weka:

```
runmode = -2
seqtype = 1
CodonFreq = 2
icode = 0
```

Ukipata matokeo usikimbilie omega. Tazama safu ya dS peke yake.

dS ikiwa karibu na sifuri, omega inalipuka kwa sababu unagawanya kwa karibu sifuri. codeml itakuandikia 99. Hiyo 99 si uteuzi mkali. Maana yake ni kwamba hakuna cha kugawanyia. Itoe.

dS ikizidi 1, anza kushuku. Ikizidi 2, iweke kando. Nafasi za kimya zimebadilika mara nyingi mpaka mabadiliko mapya yanafunika ya zamani, na programu inakadiria tu. Hapo ndipo Babesia anapoondolewa kwenye vipimo vyote: yuko mbali mno.

Chora histogramu ya dS kwenye R. Inapaswa kuwa na mlima mmoja. Ukiona milima miwili, mlima wa mbali huenda ni paralogi zilizopita mlango wa Hatua ya 4.

## Hatua ya 7: Vipimo vya ndani ya jeni, na mipaka yake

Kwa kuwa wastani wa jeni nzima huficha mengi, kuna vipimo vinavyoruhusu kodoni tofauti kuwa na omega tofauti. Kwenye codeml unalinganisha modeli mbili: M1a isiyoruhusu omega kuvuka 1, na M2a inayoruhusu; au M7 na M8 kwa mantiki hiyohiyo. Unachukua tofauti ya logi za uwezekano, unaizidisha kwa 2, na kuilinganisha na jedwali la kai-mraba lenye digrii 2 za uhuru. Ikizidi 5.99, p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) iko chini ya 0.05.

HyPhy ni rahisi zaidi kuanzia. Hapa `jeni.nwk` ni faili la mti wa jeni, unalolitengeneza kwanza kwa IQ-TREE:

```
hyphy busted --alignment jeni.kodoni.fa --tree jeni.nwk
hyphy meme   --alignment jeni.kodoni.fa --tree jeni.nwk
```

BUSTED inauliza kama kuna uteuzi chanya popote kwenye jeni. MEME inauliza ni kodoni ipi. Endesha BUSTED kwanza, na MEME kwa zilizopita tu.

Sasa jambo ambalo miongozo mingi hulinyamazia. Vipimo hivi vinataka matawi mengi, na sisi tuna spishi tatu. Nguvu yake ni ndogo. Zaidi ya hapo, ukitaka kupima tawi la babu wa vimelea viwili vinavyogeuza chembe nyeupe, mti wa spishi tatu usio na mzizi hauna tawi hilo peke yake; limeungana na tawi la T. orientalis. Kuongeza Babesia kunalitenganisha, lakini kunaleta dS iliyojaa. Kwa hiyo matokeo ya spishi tatu yachukue kama orodha ya jeni za kuangaliwa zaidi, si kama uthibitisho.

Utashawishika kuongeza matawi kwa kuweka sampuli nyingi za T. parva. Hapana. Kimelea hiki huzaliana kwa kujamiiana ndani ya kupe, na vipande vya jeni hubadilishana. Kipande cha mwanzo cha jeni kinaweza kuwa na mti mmoja na kipande cha mwisho mti mwingine. Ukilazimisha mti mmoja, tofauti hiyo inageuka kuwa uteuzi wa uongo. GARD, iliyomo ndani ya HyPhy, inasaidia kuona sehemu za mkatiko, lakini kwa sampuli za spishi moja tumia kipimo kinachofuata.

## Hatua ya 8: Kipimo cha McDonald na Kreitman

Kwa Theileria ninakiamini hiki kuliko vyote vilivyotangulia, na hesabu zake zinaandikika kwenye daftari.

Kwa kila jeni hesabu vitu vinne. Ndani ya T. parva: mabadiliko yanayogeuza protini (Pn) na ya kimya (Ps) ambayo baadhi ya sampuli zinayo na nyingine hazina. Kati ya T. parva na T. annulata: tofauti za kudumu zinazogeuza protini (Dn) na za kimya (Ds).

Kama hakuna uteuzi chanya, Dn/Ds itakaribiana na Pn/Ps. Chukua namba hizi za kubuni: Dn = 40, Ds = 50, Pn = 5, Ps = 25. Dn/Ds ni 0.8, Pn/Ps ni 0.2. Gawanya 0.2 kwa 0.8, unapata 0.25. Iko chini sana ya 1: tofauti za kudumu zinazogeuza protini ni nyingi kuliko tulivyotegemea, jambo linaloashiria kwamba nyingi zilisukumwa na uteuzi. Thibitisha kwa kipimo cha Fisher kwenye R, kinachoonyesha kama tofauti hiyo ni ya bahati tu.

Uwiano ukizidi 1 kwa mbali, kuna mambo mawili. Huenda kuna mabadiliko mabaya kidogo ambayo bado hayajaondolewa. Toa yaliyo chini ya asilimia 15 ya sampuli na urudie. Yakibaki, huenda ni uteuzi wa kusawazisha, ambapo kinga ya ng'ombe inafanya aina nyingi za antijeni ziendelee kuwepo pamoja. Tp2, mojawapo ya antijeni zinazotambuliwa na chembe za kinga za ng'ombe, hutofautiana sana kati ya aina za T. parva, na ni mahali pazuri pa kujaribia njia yako.

Ds pia isahihishwe kwa mabadiliko yaliyofunikwa, kwa sababu ileile tuliyoiona Hatua ya 6.

### Sampuli za nyanda zetu: mitego mitatu

Maambukizi mchanganyiko. Ng'ombe mmoja wa Usangu anaweza kubeba aina kadhaa za T. parva kwa wakati mmoja. Ukitengeneza mfuatano mmoja kutoka damu yake, unapata kiumbe ambacho hakijawahi kuwepo. Kuna njia ya kumkamata: ndani ya ng'ombe, Theileria ana nakala moja tu ya kila kromosomu. Kwa hiyo soma tofauti mara ya kwanza kana kwamba ana nakala mbili. Sampuli ikionyesha nafasi nyingi zenye herufi mbili, ni mchanganyiko, itoe. Zilizobaki zisome upya kwa `bcftools call --ploidy 1`.

Nyati na ng'ombe kwenye kapu moja. T. parva wa nyati wana utofauti mkubwa kuliko wale wanaozunguka kati ya ng'ombe na ng'ombe. Jeni ya p67, ya protini iliyo juu ya sporozoiti (umbo la kimelea ambalo kupe humwingizia ng'ombe), inaonyesha hilo vizuri: kwenye vimelea vya ng'ombe inabadilika kidogo sana, kwenye vya nyati inatofautiana waziwazi. Malisho yanayopakana na Hifadhi ya Ruaha yana wanyama hao wote wawili na kupe walewale. Ukichanganya makundi haya bila kujua, kila jeni itaonekana ina utofauti wa ajabu. Chora kwanza PCA ya sampuli zote, mchoro unaoweka sampuli zinazofanana karibu karibu. Makundi yakijitenga, yapime kila moja peke yake.

Kioo cha Muguga, yaani jenomu ya kulinganishia. Vipande vilivyo tofauti sana na jenomu ya Muguga havishiki kabisa programu inapovipangilia juu yake. Matokeo yake, jeni zinazobadilika zaidi ndizo zinazopotea kwenye data. Kwa kila jeni angalia kina cha usomaji (imesomwa mara ngapi) kwa kila sampuli. Jeni yenye kina cha sifuri katika nusu ya sampuli usiiite "isiyo na tofauti".

Na ujiandae kwa jambo hili: kwenye damu ya ng'ombe, sehemu kubwa ya DNA ni ya ng'ombe mwenyewe. Chuja usomaji wa ng'ombe kwanza kwa kuupangilia kwenye jenomu yake.

## Hatua ya 9: Sahihisha kwa wingi wa vipimo

Ukipima jeni 3,000 kwa kiwango cha 0.05, jeni 150 hivi zitapita kwa bahati tu, hata kama hakuna uteuzi popote. Kwenye R:

```
q <- p.adjust(p, method = "BH")
```

Hapo q ni p iliyosahihishwa. Chukua zenye q chini ya 0.05. Orodha ikipungua kutoka 200 hadi 12, hujapoteza jeni 188. Hazikuwa zako.

Fanya usahihishaji kwa jeni zote ulizopima, si kwa zile tu zilizokuvutia. Hili linavunjwa mara nyingi, na mara nyingi bila nia mbaya.

## Hatua ya 10: Soma matokeo kwa jicho la mifugo

Kwa kila jeni iliyobaki, fungua tena mpangilio na uutazame. Ndiyo, tena. Kisha jiulize: protini hii hutumika katika hatua ipi ya maisha ya kimelea? Inatoka nje au inabaki ndani? Kodoni zilizoonyeshwa ziko pamoja kwenye eneo moja la protini au zimetapakaa? Jeni ya antijeni ya juu ya sporozoiti yenye kodoni zinazokimbia kwenye eneo linaloguswa na kingamwili inaeleweka. Jeni ya ribosomu yenye omega kubwa ni ya kurudishwa Hatua ya 5.

Na jua ambacho njia hii haiwezi kukiona. Usugu wa dawa mara nyingi hutokana na badiliko moja au mawili tu. Kwa T. annulata, usugu dhidi ya buparvakwoni, dawa ileile inayotibu ndigana kali, umehusishwa na mabadiliko kwenye jeni ya saitokromu b ya mitokondria, na pia na badiliko la asidi amino moja kwenye protini iitwayo PIN1. Badiliko moja katika jeni nzima halisogezi dN/dS wala jedwali la McDonald na Kreitman. Kama swali lako ni kwa nini sindano haifanyi kazi kwenye zizi fulani Makete, soma jeni hizo mbili moja kwa moja, herufi kwa herufi, na ulinganishe na sampuli za kabla ya matibabu.

Kwenye ripoti weka jedwali lenye safu hizi: jina la jeni, urefu wa mpangilio uliobaki baada ya kukata, dS, omega, kipimo kilichotumika, p, q, na matokeo baada ya kupanga upya kwa programu ya pili. Ambatisha mafaili ya mpangilio yenyewe, pamoja na orodha ya jeni ulizoziacha na sababu ya kila moja. Jeni zikibaki saba, ripoti saba, na uzipeleke kwa mtaalamu wa kinga ya mifugo akuambie ipi inafaa kujaribiwa kwanza maabara.